Barua kutoka Ughaibuni: Walikosomea wenye mashamba

Ndugu zangu wa nyumbani,

Wengi mmeniuliza huu mji wa Witzenhausen uko wapi. Ukitoka jiji la Kassel, katikati ya Ujerumani, ukaelekea mashariki kiasi cha kilomita 30, utaukuta mto Werra ukipita bondeni kati ya vilima vyenye misitu. Ndipo ninapoishi. Wakazi ni kama 15,000, nao wametawanyika mjini na katika vijiji vyake. Ulipata hadhi ya mji mwaka 1225, na mitaa ya kati bado ina nyumba za kale za miti na udongo. Ndiyo, miti na udongo, kama za kwetu Lushoto: nguzo nene za mwaloni, katikati fito zilizosukwa na kukandikwa. Zina ghorofa mbili tatu na zimesimama karne kadhaa.

Hapa zao ni cheri. Mwezi wa nne vilima vinageuka vyeupe kwa maua, na watu wanakuja kutoka mbali kutembea tu kati ya miti. Mavuno ni mwezi wa sita na wa saba. Mchumaji hupanda ngazi ndefu, akachuma tunda pamoja na kikonyo chake, kwa sababu likinyofoka bila kikonyo linavuja maji na kuoza upesi. Wakulima wanaogopa mvua ya siku za mwisho, maana cheri iliyoiva ikilowa hupasuka ngozi, na mavuno ya mwaka mzima yanaweza kuharibika kwa siku chache. Mambo yakienda vizuri, mwezi wa saba kuna sikukuu yao, Kesperkirmes. Wanamtawaza malkia wa cheri, na watu wazima wanashindana nani atatema kokwa mbali zaidi.

Msidhani palikuwa shwari siku zote. Mwaka 1945, baada ya vita, reli iliyotumiwa na jeshi la Marekani ilikuwa inakatiza kipande kidogo cha eneo la Wasovieti. Tarehe 17 Septemba maofisa wa pande mbili walikutana mji wa Wanfried wakabadilishana vijiji ili reli yote ibaki upande mmoja. Vijiji vya Werleshausen na Neuseesen vikaja huku kwa Wamarekani, na leo ni sehemu ya Witzenhausen. Asbach na Sickenberg vikaenda kule kwa Wasovieti, vikaishia Ujerumani Mashariki, nyuma ya uzio, hadi mwaka 1989. Wenyeji hawakuulizwa. Juu ya Werleshausen kuna ngome ya Ludwigstein, na ng'ambo ya bonde, mbele ya macho yako, ngome ya Hanstein. Kwa miaka 40 ngome hizo zilitazamana zikiwa katika nchi mbili. Sisi wa mkoa wa Tanga, ambao mpaka wetu ulichorwa mwaka 1886 na Wajerumani na Waingereza kuanzia mdomo wa mto Umba, tunaielewa hadithi hii bila kufafanuliwa.

Lakini jambo lililonifanya niandike ni jengo moja karibu na mto, zamani nyumba ya watawa. Mwaka 1898 ilianzishwa humo Shule ya Kikoloni ya Ujerumani. Vijana wa kiume walifundishwa kilimo cha nchi za joto, useremala, uhunzi, mifugo na lugha, kisha wakasafiri kwenda kuendesha mashamba makoloni, Afrika Mashariki ikiwemo. Fikirini: miaka ile ya 1905 hadi 1907, wazee wetu wa kusini walipokuwa wakifa katika vita vya Maji Maji, vita vilivyochochewa na kulazimishwa kulima pamba, humu darasani vijana walikuwa wanajifunza namna ya kusimamia vibarua. Kule Usambara wazee wetu wakapewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi kwa mzungu. Ujerumani ilinyang'anywa makoloni mwaka 1919, ila shule iliendelea hadi 1944, ikingoja makoloni yarudi.

Leo jengo hilo ni la Chuo Kikuu cha Kassel, kitivo cha kilimo hai. Uprofesa wa kwanza wa fani hiyo nchini ulianzishwa hapa mwaka 1981, akapewa Hartmut Vogtmann. Mwaka 1983 mji huu ukawa wa kwanza Ujerumani kuwapa wakazi pipa la pekee la maganda na mabaki ya jikoni ili yageuzwe mboji. Darasani wapo Waafrika, Waasia na watu wa Amerika ya Kusini. Bado ipo nyumba ya vioo ya mimea ya nchi za joto, urithi wa shule ile. Ukifungua mlango wakati wa theluji unapigwa na joto la Pangani, kisha unaona migomba, kakao, na mbuni wenye buni nyekundu tawini. Nafurahi kuuona, na nakasirika papo hapo, kwa sababu mashamba ya buni yaliyofunguliwa Usambara wakati ule yalikuwa kwenye ardhi ya watu.

Taasisi ya kilimo iliyorithi shule hiyo inatunza kumbukumbu zake, picha na barua za wahitimu waliokuwa makoloni. Barua nyingine zilichapishwa katika jarida la shule, kwa herufi za Kijerumani cha zamani ambazo hata vijana wa hapa wanazisoma kwa taabu. Historia ya vijiji vyetu imeandikwa humo na mtu wa upande mmoja tu. Kwa hiyo nawaomba walimu wa historia wa Dar es Salaam na wa kilimo kule Chuo Kikuu cha Sokoine: mkiwa na kijana makini, mfundisheni Kijerumani, kisha mleteni hapa azisome zile barua na kuandika tulichofanyiwa, kwa Kiswahili.