Injini mpya, gari halitaki kuwaka

Kwanza naomba radhi kwa kimya cha wiki kadhaa. Niliahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata, nayo itakuja. Leo nina jambo la kuungama. Ni habari ya gari, lakini ukifika mwisho utaona inahusu kazi yetu ya kuandika programu kabisa.

Mzee wangu ana Toyota Probox. Kwetu Ol Kalou gari hilo ni la maziwa. Kila alfajiri Mzee huzunguka kwa majirani kukusanya mitungi, kisha huipeleka kwenye kituo cha kupozea kabla jua halijapanda. Maziwa hayajui kusubiri. Yakichelewa yanapimwa, yanakataliwa, na jirani aliyeamka saa kumi kukamua ndiye anayekula hasara.

Agosti 2024 mpira wa radieta ulipasuka njiani. Mzee hakutazama kipimo cha joto. Alitaka maziwa yafike. Yalifika. Injini ndiyo iliyokwisha: hedi ilipinda, maji yakaingia kwenye oili. Fundi wa pale kwetu akasema kuitengeneza kutakula karibu pesa sawa na kununua nyingine. Mimi nilikuwa na akiba ya kununua kipakatalishi kipya, nikajitolea. Tukaenda naye Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, kwenye maduka ya vipuri, tukapata injini iliyotumika kutoka Japani, 1NZ-FE ya sisi 1500 kama ile ya zamani. Shilingi 72,000. Fundi ndiye aliyeichagua. Kumbuka hilo.

Kazi ilifanywa Jumamosi moja uani kwa Mzee. Fundi, kijana wake wa spana, na mimi mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta. Waliponing'iniza injini kwa mnyororo, mimi nilipewa kazi ya kupangusa. Nikapangusa kweli! Nikapanga nyaya kwa vibanio vya plastiki kama tunavyopanga kebo za seva, na vitu vidogo vilivyochakaa nikavitia kwenye kopo tupu la rangi. Ukifungua boneti ungedhani gari limetoka kiwandani.

Saa kumi jioni Mzee akazungusha ufunguo. *Tak.* Akazungusha tena. *Tak.* Basi. Stata inabofya mara moja, injini haizunguki.

Taa za dashibodi zilikuwa zinawaka vizuri. Honi ilikuwa inalia. Tukaleta betri ya jirani tukabadilisha. *Tak.* Fundi akachukua spana ndefu, akazungusha injini kwa mkono kupitia boliti ya puli. Ikazunguka laini bila kukwama. Katikati ya hayo yote Mzee, aliyekuwa ameshika mlango, akasema, "Hii kebo ya gia imepata moto. Na kuna harufu."

Nikamjibu, "Mzee, hiyo haihusiani."

Naomba usome tena jibu hilo. Nitalirudia baadaye.

Sasa, mimi nilikuwa na kile kifaa kidogo cha kusoma misimbo ya hitilafu, kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu kwa Bluetooth. Ufunguo ukiwashwa, kiliongea na kompyuta ya gari vizuri. Stata ikibofya tu, mawasiliano yanakatika. Hapo nikapata nadharia yangu: kompyuta imeharibika, au ni ule ulinzi wa ufunguo wenye chipu, ambapo kompyuta isipoutambua ufunguo hukataa kuwasha injini. Nikaanza kutafuta bei za kompyuta nyingine. Shilingi 18,000.

Nadharia hiyo ilikuwa na tundu, na tundu lilikuwa wazi. Katika Toyota nyingi za aina hiyo, ulinzi wa ufunguo huzuia petroli na cheche, hauzuii stata. Injini huzunguka bila kushika, au hushika kidogo ikazima. Yetu haikuzunguka hata nusu. Dalili ilikuwa inakataa nadharia yangu, nami badala ya kuacha nadharia nikaanza kuidharau dalili.

Fundi aliponiambia tuanze na nyaya za stata, nikachoka. Majirani walikuwa wamejaa uani, wenye mitungi yao. Nikasema kwa sauti, mbele yao wote, "Mzee, huyu mtu amekuuzia injini iliyokufa."

Fundi hakujibu kwa ukali. Alisema tu, "Kijana, nimeizungusha kwa mkono mbele ya macho yako." Akafuta mikono, akamwambia kijana wake akusanye spana, wakaenda zao. Mzee hakusema neno. Jumapili asubuhi alikodi pikapu kwa shilingi 1,500 kupeleka maziwa.

Jumapili usiku sikupata usingizi. Nikachukua tochi na mita ya umeme, nikafungua boneti peke yangu. Safari hii nikaamua kufanya kile ambacho ningemlazimisha mwenzangu yeyote ofisini afanye: kuandika namba kwenye karatasi kabla ya kuandika maelezo.

Betri ikiwa imetulia: volti 12.6. Nikamwamsha Mzee azungushe ufunguo huku nikitazama mita. *Tak.* Volti 12.4.

Jumamosi nilikuwa nimeiona namba hiyo hiyo nikasema, "Betri ni nzuri." Usiku ule ndipo nilipouliza swali lenyewe. Stata inapozungusha injini hula ampea zaidi ya mia moja. Hata betri nzima hushuka hadi volti kumi au kumi na moja kwa muda. Yetu ilishuka kidogo sana. Maana yake umeme mwingi haukuwa unatoka kwenye betri kabisa. Betri ilikuwa tayari kutoa. Njia ndiyo iliyokosekana.

Umeme ni mzunguko. Unatoka kwenye betri kwa waya mnene mwekundu hadi kwenye stata, na lazima urudi. Stata imefungwa kwenye injini, kwa hiyo umeme hurudi kupitia chuma cha injini. Lakini injini imekalia raba ili isitikise gari, na raba haipitishi umeme. Kwa hiyo pana waya wa ardhi, unaounganisha injini na bodi au na negativu ya betri. Usipokuwapo, umeme hutafuta njia yoyote ya chuma utakayopata. Kwa mfano, kebo ya gia!

Nilisimama pale na tochi nikahisi uso wangu ukipata moto kama ile kebo. Mzee alikuwa ameniambia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nikaweka ncha moja ya mita kwenye negativu ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Mzee akazungusha ufunguo. Gari likiwa zima namba hiyo haifai kuzidi nusu volti. Yetu ilisoma zaidi ya 9. Hata kukatika kwa mawasiliano kukaeleweka: kompyuta ya gari nayo hutegemea injini kuwa sifuri yake. Sifuri ikipanda ghafla, kompyuta inapoteza fahamu. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inapimiwa kutoka mahali palipokuwa panasonga.

Nikachukua moja ya zile nyaya za kuazimia umeme, nikaunganisha negativu ya betri na injini moja kwa moja. "Mzee, jaribu."

Injini ilizunguka mara tatu, ikashika, ikanguruma. Saa saba usiku. Mbwa wote wa kijiji wakaamka.

Mzee alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu tayari nilijua nitakachokikuta. Nikaenda kwenye buti, nikamwaga kopo la rangi chini. Kati ya boliti na vibanio vya zamani ulikuwemo waya mfupi wa kusuka, wenye kutu ya kijani, na tundu la boliti kila upande. Nilikuwa nimeutoa kwa mkono wangu kwa sababu ulikuwa unaharibu sura ya kazi yangu.

Mzee aliutazama, akanitazama. "Kesho utamwambia," akasema, akaenda kulala.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwenye gereji ya fundi, nikamwambia mbele ya kijana wake wa spana, kwa sauti ile ile niliyotumia Jumamosi. Nilimpa ule waya. Aliugeuzageuza mkononi, akasema, "Hata mimi ningeuona kama nisingeondoka na hasira." Kisha akaja, akakwangua kutu mahali pa boliti kwa msasa, akafunga waya mpya wa shilingi 400. Alinidai salio la kazi yake, nami nikalipa lote. Pesa za pikapu za asubuhi mbili nikamrudishia Mzee. Jioni ile Mzee aliwapitia majirani waliokuwapo Jumamosi, mmoja mmoja, akiwa na mimi, nikawaeleza. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Kwa aliye na gari lililokataa kuwaka baada ya kubadilishwa injini, haya ndiyo ninayoweza kukupa:

1. Sikiliza kwanza. Inabofya bila kuzunguka? Tafuta betri, nyaya nene, ardhi, stata. Inazunguka bila kushika? Hapo ndipo petroli, cheche, vitambuzi na ulinzi wa ufunguo.
2. Zungusha injini kwa mkono. Ikizunguka, haijakwama. Amini ulichokiona.
3. Pima volti za betri wakati wa kuwasha. Zikiporomoka sana, shuku betri au stata. Zisiposhuka, umeme hauna njia.
4. Pima kati ya negativu na chuma cha injini wakati huo huo. Zaidi ya nusu volti, tafuta waya wa ardhi.
5. Kabla ya kununua chochote, rudia kila kitu ulichokifungua kwa mkono wako.
6. Tunza risiti ya injini. Namba yake imeandikwa kwenye kitabu cha gari, na ikibadilika lazima NTSA wajulishwe.

Na kwa sisi waandishi wa programu: ukihamisha mfumo kwenye seva mpya nao ukakataa kufanya kazi, usianze na ile seva. Anza na viungo ulivyovifungua. Tuna git ya kutuonyesha tulichobadilisha. Uani kwa Mzee mimi nilikuwa na kopo la rangi, na sikulifungua kwa sababu nilikuwa na uhakika kosa ni la mwingine.

Kipakatalishi changu bado ni kile cha zamani. Maziwa yanafika.

Ni hayo tu kwa leo. Hifadhidata wiki ijayo, nikijaliwa.