NYUMBA INATEMBEA, LAKINI KWENU NI WAPI?



Hapa kwetu katika miji ya mukuba, mugeni akiingia nyumbani, kiisha kupewa kiti na maji, anaulizwa: «Kwenu ni wapi?» Hatumuulizi pahali anapolala. Tunataka kujua pahali alipotoka, pahali wazee wake walizikwa. Leo ninataka tupeleke ulizo hilo mbali sana, kule Marekani, kwa watu ambao nyumba yao iko na magurudumu.

Kule kuna bwana na bibi wengi ambao, wakipata pansioni, wanauzisha nyumba, wanawagawia watoto viti na meza, na wananunua motokari kubwa yenye nyumba ndani. Hawaendi likizo ya wiki mbili. Wanakaa ndani yake mwaka muzima, wengine miaka mingi. Kompani Winnebago ya jimbo la Iowa ilianza kutengeneza motokari za namna hii mwaka 1966, na leo ziko kwenye kila barabara kubwa ya inchi ile.

Ile kubwa inapita metre 10 kwa urefu. Ndani kuna kitanda, jiko la gaz, friji, bafu na choo. Chini ya sakafu kuna tanki tatu: moja ya maji safi, moja ya maji ya kuoga na ya vyombo, na moja ya choo. Ile ya choo haijimwagi yenyewe! Kila siku chache, bwana anavaa glavu, anashika mupira munene, anakwenda kuimwaga pahali palipowekwa kwa kazi hiyo. Na mafuta? Motokari ya namna hiyo inaweza kunywa lita 30 kwa kilometa 100. Basi usifikiri ni maisha ya kifalme.

Wakati wa baridi wanashuka kusini, katika jangwa la Arizona. Wakati wa joto wanapanda kaskazini. Wengine wanalipa kiwanja chenye umeme na maji. Wengine wanasimama bure katika pori la serikali, lakini mara nyingi ruhusa ni siku 14 tu, kiisha lazima kuhama. Na si wote waliochagua. Kiisha shida ya mwaka 2008 wengi walipoteza nyumba zao, wakaingia barabarani kwa kukosa namna. Hao wanafuata kazi za musimu: kuvuna betiravu za sukari, kuangalia viwanja vya wasafiri.

Kuna jambo lingine la kushangaza. Mutu asiye na anwani anapata shida mbele ya sheria. Bila anwani ni vigumu kupata ruhusa ya kuendesha motokari, ao kupiga kura. Kwa hiyo wengi wanachagua jimbo kama South Dakota, Texas ao Florida, ambako mushahara na pansioni havitozwi kodi ya jimbo, na kuna ofisi za kuwapokelea barua. Makaratasi yanasema kwao ni South Dakota, lakini hawajui hata jirani mumoja pale!

Na ninyi muliooana, mufikiri kidogo. Chumba kimoja, watu wawili, mwaka muzima. Mukigombana, nani atakwenda kukaa wapi? Bwana anarudisha motokari nyuma, bibi anasimama inje anamwonyesha kwa mukono: kushoto, kulia, simama! Bwana asipotii mukono wa bibi, anagonga muti. Wenye kuzoea maisha haya wanajua kwamba kusikilizana kunaokoa motokari, na kunaokoa ndoa pia.

KURUDI BUTTE

Sasa tuwafuate bwana na bibi wa namna hiyo. Siwapi majina, ni mufano tu, maana wako wengi. Tuseme bibi alizaliwa mwanzo wa miaka ya 1950 katika muji wa Butte, jimbo la Montana, na aliondoka angali kijana. Miaka yote ya kusafiri alisema: «Siku moja tupite kwetu.» Wanachagua mwezi wa saba, kwa sababu Butte iko juu, karibu metre 1.700, na baridi yake inagandisha maji katika mabomba. Wanatoka mashariki kwa barabara 90, wanapita juu ya mulima, bwana anapunguza vitesi ili mafreni yasipate moto. Kiisha muji unaonekana chini.

Wewe mutoto wa Likasi ao wa Kolwezi, ungeuona, moyo wako ungeruka. Butte ni muji wa mukuba! Minara ya vyuma ya kushusha watu chini ya udongo ingali inasimama katikati ya nyumba. Watu walikuja pale kutoka Ireland, Uingereza, Finland, Italia na inchi za Waslavi, kama vile wazee wetu walivyotoka Kasai, Rwanda na Zambia kufanya kazi ya mukuba. Kuna kumbukumbu ya moto wa tarehe 8 Juni 1917, uliouwa watu 168 ndani ya mugodi. Mwaka 1920 wilaya ile ilikuwa na watu zaidi ya 60.000. Mwaka 2020 walikuwa karibu 35.000.

Bibi anasema: «Twende Meaderville, nikuonyeshe nyumba ya baba.» Lakini Meaderville haiko tena. Mwaka 1955 kompani Anaconda iliacha kutegemea mashimo ya chini peke yake, ikaanza kuchimba shimo kubwa la wazi, linaloitwa Berkeley Pit. Shimo likapanuka. Likakula mutaa wa Meaderville, likakula McQueen, likakula upande wa mashariki wa muji. Nyumba zingine zilibebwa pahali pengine, zingine zilibomolewa. Mwaka 1982 pompi za maji zilisimamishwa, na maji yakapanda katika lile shimo la metre 500 na zaidi. Ni maji ya asidi na ya vyuma. Mwaka 1995 bata wa mwitu zaidi ya 300 walitua juu yake wakafa. Mwaka 2016 walikufa maelfu. Tangu mwaka 2019 maji yale yanavutwa na kusafishwa ili yasipande zaidi.

Basi bibi analipa kidogo, anapita katika njia ya chini, anasimama mbele ya ziwa lisilo na samaki. Barabara aliyochezea ilikuwa pale hewani, juu ya maji. Bwana ananyamaza. Ni vizuri anyamaze.

Sisi hatuwezi kucheka. Katika mutaa wa Kasulo, kule Kolwezi, kobalti ilionekana chini ya nyumba mwaka 2014, watu wakachimba hata ndani ya parseli zao. Mwaka 2017 sehemu ya mutaa ilihamishwa na kuzungushiwa ukuta. Na mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi wa Gécamines walikubali kuondoka kazini. Wengi wetu tuna kampi ambayo leo, tukirudi, hakuna anayetujua.

KITU GANI KILIBAKI?

Bibi yule hakurudi mikono mitupu. Katika muji wanauzisha hata leo mukate wa nyama na viazi, unaoitwa pasty, ambao wachimbaji walishuka nao chini. Alionja, akamukumbuka baba yake. Katika nyumba ya makaratasi ya zamani ya muji aliweza kutafuta majina ya mitaa iliyopotea. Kiisha alikwenda kuona farasi wa mbao. Zamani Butte ilikuwa na bustani ya michezo, Columbia Gardens, iliyoanza mwaka 1899, na kwa siku ya watoto treni ndogo iliwapeleka bure. Ilifungwa mwaka 1973, kompani ikachimba pale. Lakini watu wa muji, bila kulipwa, walichonga farasi wapya kwa mikono yao kwa miaka mingi, na mwaka 2018 watoto walianza tena kupanda na kuzunguka.

Unaona, ndugu musomaji? Magurudumu yalimufikisha bibi yule, lakini si magurudumu yaliyomupa pahali pa kurudi. Waliomupa ni wale waliobaki, wakaandika, wakachonga, wakapika chakula kile kile.

Basi vijana, jumapili hii muketi na wazee. Muwaulize: Kampi iliitwa namna gani? Jirani wa kushoto alikuwa nani? Maji mulichota wapi? Muandike katika kaye, na tarehe. Mashine hazingoji, na wazee pia hawangoji. Siku moja mutoto wako ataulizwa kwao ni wapi. Afadhali awe na kaye ya kufungua.