Vidonge, Kikombe na Sala

Mama mmoja wa usharika wetu hapa Pito aliniuliza, "Baba Mchungaji, nikiendelea kumeza vidonge, si ndiyo kusema simwamini Mungu?" Ana baridi yabisi ya miaka mingi. Vidole vimepinda, na baridi ya Juni huku Ufipa ikishika hawezi hata kukamata mwiko. Binti yake alikuwa amemletea chupa ya mitishamba, yenye sharti kwamba aache dawa zote za hospitali.

Sharti hilo ndilo lililonitisha. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vyake yenyewe, navyo huvimba, huwaka moto na mwisho huharibika. Mama huyu anatumia prednisoloni, dawa inayotuliza moto huo. Mtu akiitumia muda mrefu, tezi zake zinazotengeneza homoni ya namna hiyo hulala usingizi. Akiiacha ghafla, mwili unabaki mtupu: shinikizo la damu linaweza kushuka, mtu akazirai, hata akafa. Ndiyo maana daktari huipunguza kidogo kidogo.

Wengi wetu tunakumbuka Loliondo. Mwaka 2011 mimi nilikuwa bado chuo cha theolojia, na hatukuzungumza jambo jingine. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, aliyefariki 2021, alikuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga kijijini Samunge, kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Sina ugomvi na mzee yule, wala na bei yake. Ni waganga wachache wanaotoza 500. Lakini wapo wagonjwa waliofia njiani, na wapo waliorudi nyumbani wakaacha dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, wakidhani kuzimeza ni kukosa imani.

Nilimsomea mama ile Isaya 38. Mfalme Hezekia aliomba, akalia sana, Bwana akamsikia na kumwongezea miaka 15. Kisha Isaya, nabii yule yule, akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Mama akacheka: "Kumbe nabii naye alikuwa na dawa!"

Naandika haya kwa sababu Sumbawanga yetu, ambayo jina lake husemwa kuwa na maana ya kutupa uchawi, haijaisha watu wa kuahidi uponyaji kwa sharti. Huko hospitalini nako yupo mgonjwa anayeambiwa, "Hatuna la kufanya, mpelekeni nyumbani." Neno hilo si kweli. Ipo tiba shufaa, huduma ya kupunguza maumivu na kumshika mkono mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi. Uganda, tangu 1993, Daktari Anne Merriman alionyesha kwamba mofini ya maji, ya bei nafuu, inaweza kumfikia mgonjwa akiwa kitandani kwake. Kwetu, hospitali ya Selian ya Kanisa letu kule Arusha ni miongoni mwa zilizotangulia kuwafuata wagonjwa majumbani. Katika huduma hiyo kukanda mwili, nyimbo na sala vina nafasi yake. Kukanda hakunyooshi kidole kilichopinda, ila huweza kumpunguzia mtu maumivu na hofu kwa muda, akapata usingizi. Kwa mwenye maumivu, usiku mmoja wa usingizi si kitu kidogo.

Basi tulikubaliana vidonge viendelee, na chupa aende nayo kliniki, daktari aione kabla hajaionja, kwani mitishamba mingine huumiza ini. Binti hakufurahi. Alisema mchungaji anatetea wazungu. Hata hivyo yeye ndiye aliyembeba mama kwenye bodaboda siku ya kliniki, chupa ikiwa ndani ya kikapu. Jumamosi jioni akina mama wa usharika huja na mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto, wakamkanda mikono huku wakiimba. Juzi binti naye alikuwa ameshika mkono wa kushoto.