Ayeeyo aliomba kufa, na mimi nilikuwa na dawa mkobani

Watu wangu, leo hakuna klipu ya kuchekesha. Leo nataka tuongee kuhusu kufa.

Juni 2025 wabunge wa Uingereza walipiga kura, 314 kwa 291, wakapitisha mswada wa kuruhusu mtu mzima mwenye ugonjwa usiopona, aliyebakiza miezi sita au chini, asaidiwe na daktari kufa. Nilipowauliza maoni yenu, wengi mliandika "haramu" mkaendelea na maisha. Wengine mkauliza, "Mbona mtu ateseke bure?" Mimi nilinyamaza. Si ati sikuwa na maoni. Ni vile ayeeyo wangu aliniomba jambo hilo hilo, hapa hapa Garissa, akiwa amelala kwenye godoro chini ya feni.

Ayeeyo ni nyanya kwa Kisomali. Na kwetu nyanya naye humwita mjukuu wake "ayeeyo", neno linaenda na kurudi. Usiku huo aliniambia, "Ayeeyo, nimechoka. Niombee nife. Ama unisaidie."

Alikuwa na kansa ya umio, yaani ile njia ya kupitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Sisi watu wa Kaskazini Mashariki tunaijua hii kansa kuliko tunavyotaka, ni kati ya zile zinazoonekana sana huku. Wataalamu wanashuku mambo kadhaa, na moja ni vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 kitengo cha Shirika la Afya Duniani kinachotafiti kansa kilisema kinywaji cha zaidi ya nyuzi 65 huenda kinaileta. Na chai yetu mnaijua inavyonywewa. Shida ni kwamba wengi hufika hospitali wakati hata uji haupiti tena. Ayeeyo alifika hivyo.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Nikaja nyumbani "wiki mbili tu" nimsaidie mama kumuuguza. Sikurudi tena darasani, na sijuti.

Nitawaambia ukweli kuhusu maumivu, kwa sababu mjadala huu watu wanaufanya kama hesabu ya darasani. Vidonge vilikuwa havipiti, kwa hivyo tulisaga panadol kwenye maji. Tukampa brufen ya maji, ile ya watoto. Hospitali moja walimchoma sindano, ikamshikilia saa chache, wakatuambia tumpeleke nyumbani kwa sababu hakuna kingine cha kufanya. Usiku alikuwa anauma shuka ili watoto wadogo wasisikie. Mwanamke aliyeuza maziwa ya ngamia miaka thelathini na kulea watoto saba, anauma shuka.

Mwishowe abti, kaka yake mama, akampeleka Nairobi na mimi nikaenda nao. Karibu kilomita 370 kwa basi. Daktari wa huko akamwandikia mofini ya maji. Chupa ndogo ya plastiki na bomba la kupimia lisilo na ncha. Kipimo kidogo kila baada ya saa nne, usiku na mchana, bila kungoja maumivu yarudi. Pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga tumbo. Ni hayo tu.

Tukiwa kwenye basi la kurudi, abti akatafuta jina la ile dawa kwenye simu. Akageuka uso umebadilika. "Unajua hii ndiyo wanatengenezea heroini? Itamlevya mama. Atakufa akiwa amelewa bila kutamka shahada. Usimpe mpaka tumuulize sheikh."

Sheikh alikuwa Wajir. Akachelewa siku mbili.

Hizo siku mbili chupa ilikaa kwenye mkoba wangu, chini ya hijabu nyingine na chaja ya simu. Ni katika usiku wa pili ndipo ayeeyo aliniomba nimsaidie kufa. Mimi nikamwambia, "Usiseme hivyo ayeeyo, subira, Mungu yuko." Nikampangusa jasho, nikamsomea Yasin. Na dawa iko mkobani, hatua tatu kutoka kwa godoro lake.

Hilo ndilo nililotaka kuwaambia. Sikumnyima kifo. Nilimnyima dawa, halafu nikamhubiria subira.

Sheikh alipofika aliuliza maswali mawili. Nani ameandika kipimo? Na lengo ni kuua ama kutuliza? Tukamjibu. Akamwambia abti kwamba kulewa kwa starehe ni kitu kimoja, na dawa ya dharura iliyopimwa na daktari ni kitu kingine, na dharura ina hukumu yake. Halafu akasema, "Na mtu anayelia kwa maumivu usiku kucha, hiyo akili ya kutamka shahada ataitoa wapi?" Abti akainamisha kichwa. Mimi nikaenda kuleta mkoba.

Ilikuwa chungu, akakunja uso. Baada ya muda hivi akalala. Alipoamka aliuliza kama yule mama wa Soko Ng'ombe amelipa pesa ya maziwa. Tukacheka mpaka mama akatoka nje kulia. Aliishi siku kumi na tisa baada ya hapo. Kansa haikurudi nyuma hata kidogo. Lakini katika siku hizo zote hakuomba kufa tena, hata mara moja.

Sasa turudi kwa mjadala wenu.

Kenya sheria iko wazi. Kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ukimsaidia mtu kujiua unaweza kufungwa maisha. Mpaka juzi hata aliyejaribu kujiua akabaki hai alikuwa anahesabiwa mhalifu, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu iliposema kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Kwa hivyo upande wa kuadhibu tuko sawa kabisa. Lakini Katiba hiyo hiyo, ibara ya 43, inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Hiyo ndiyo tunaisahau.

Mwaka 2010 Human Rights Watch walichunguza Kenya wakakuta mofini ya kunywa iko katika hospitali saba tu za umma kati ya kama 250. Tangu wakati huo mambo yamesonga. Tiba shufaa, ile ya kutunza mgonjwa asiyepona apunguziwe maumivu, imeingia hospitali nyingi, na 2021 serikali ilitoa sera yake. Garissa yenyewe ina kituo cha kansa. Lakini sera ikiwa Nairobi na mgonjwa yuko Hulugho ama Dadaab, kati yao kuna barabara ndefu sana.

Na si Kenya peke yake. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilihesabu kwamba kati ya tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi zinapata tani 0.1. Nasema tena, sifuri nukta moja. Na mofini ya maji si dawa ghali. Uganda hapo jirani walielewa mapema. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, wanaitengeneza Kampala kutokana na unga. Na tangu 2004 Uganda inaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe, bila kungoja daktari. Fikiria hiyo kwa kaunti yetu, ambapo daktari yuko mbali lakini nesi yupo.

Kwa hivyo Muingereza akiuliza, "Mgonjwa ana haki ya kusaidiwa kufa?", anauliza akiwa na hospisi. Ile ya Cicely Saunders, St Christopher's, ilifunguliwa London mwaka 1967. Sisi tukiiga swali lao bila kuwa na vitu vyao, tutakuwa tunamuuliza mtu anayeungua kama anataka kufa, na maji tumeyafungia.

Na kuna jambo lingine kwenye komenti zenu lililoniuma. Mtu aliandika, "Mimi nikipooza, heri nife." Nina binamu aliyeanguka kutoka kwa lori la mifugo akavunjika uti wa mgongo. Hajisikii kuanzia kifuani kwenda chini. Nilimsomea hiyo komenti. Akaniambia, "Mwambie mimi sifi. Mimi nataka godoro la hewa na mtu wa kunigeuza saa nane usiku." Mtu mwenye ulemavu si mtu anayekufa, jamani. Kanada walianza 2016 na wagonjwa walio karibu na kifo. Kufika 2021 sheria ikapanuliwa, hata mtu mwenye ulemavu mkubwa ambaye kifo chake hakiko karibu anaweza kuomba. Mashirika mengi ya watu wenye ulemavu yalipinga, yakisema ni rahisi kumpa mtu kifo kuliko kumpa nyumba na msaidizi. Binamu yangu hajawahi kufika Kanada, lakini amesema kitu kimoja nao.

Sitadanganya kwamba mofini inamaliza kila kitu. Kuna wagonjwa wanaopata huduma nzuri kabisa na bado wanaomba kufa. Mimi kama Mwislamu siungi mkono kuwasaidia kufa. Lakini siwezi tena kumwita mtu wa hivyo kafiri ama mwoga. Nimeona shuka lililoumwa.

Ayeeyo alifariki alfajiri. Kipimo cha mwisho nilimpa saa nane usiku, mkono wangu mwenyewe. Saa kumi na moja akawa hapumui. Kwa wiki kadhaa sikulala. Nilikuwa najiuliza, ni mimi? Nikampigia nesi aliyetufundisha kupima. Akaniuliza kama niliongeza kipimo. Nikasema hapana, ni kile kile cha siku zote. Akasema, "Basi ni kansa, dada. Wewe ulimpa usingizi." Hiyo ndiyo tofauti yote, nayo si ndogo: dawa iliyopimwa kutuliza maumivu, na dawa iliyopimwa kuua. Hata Papa Pius wa 12 mwaka 1957 aliwaambia madaktari hivyo hivyo, kwamba kutuliza maumivu kunaruhusiwa hata kama maisha yanaweza kufupika, mradi lengo si kuua. Masheikh na mapadri wanakubaliana, sisi ndio tunachanganya.

Kama alitamka shahada? Alikuwa amelala, hatukusikia. Jioni yake aliitamka mara nyingi. Abti bado huniuliza, na mimi humjibu hivyo hivyo kila mara.

Kama una mgonjwa nyumbani, muulize daktari maneno haya: "Maumivu yake mnayafanyia nini? Mofini iko? Isipokuwepo, nitaipata wapi?" Uliza mbele ya watu wazima wa familia, na mtu wa dini awepo mapema, msingoje arudi kutoka Wajir. Na kama wewe mwenyewe unataka kufa na huna kansa yoyote, hayo pia ni maumivu. Mwambie mtu leo.

Ile chupa bado ninayo. Tupu.