Hell's Gate: Walimfuata Simba, wakarudi na jibu kuhusu baba

Matatu ya Naivasha hutoka Nairobi ikipanda kuelekea Limuru, na kabla watoto hawajachoka kuuliza "tumefika?", Bonde la Ufa hufunguka upande wa kushoto, Mlima Longonot ukiwa umekaa chini kama chungu kilichomeguka mdomo. Ukifika mjini Naivasha unapanda matatu nyingine inayofuata barabara ya Moi South Lake, kando ya mashamba ya maua, hadi njia panda ambapo vijana wamepanga baiskeli za kukodisha. Kutoka hapo ni mwendo mfupi wa vumbi hadi langoni.

Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, katika Kaunti ya Nakuru, ni miongoni mwa chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Ilitangazwa kuwa mbuga mwaka wa 1984 na si kubwa, ni takriban kilomita 68 mraba. Kwa familia isiyo na gari, ni vigumu kupata mbuga iliyo rahisi kufikika kuliko hii.

Mama mmoja wa Nairobi aliwaleta watoto wake hapa likizo ya Agosti, binti wa miaka 13 na mvulana wa miaka 6. Hawakuja kutazama twiga. Walikuja kwa sababu ya filamu.

Mnamo Novemba 1991 baadhi ya wasanii wa kampuni ya Disney walizuru mbuga hii kuchora na kusoma mandhari yake walipokuwa wakiandaa The Lion King. Filamu ilipotoka Juni 1994, nyasi za rangi ya simba, majabali mekundu na korongo jembamba vilikuwa ndani. Majina pia yalitoka huku kwetu: Simba, Rafiki, na yule ngiri Pumbaa, ambaye mtoto yeyote wa Kiswahili huelewa mara moja kwa nini ameitwa hivyo. Miaka tisa baadaye, Julai 2003, ilikuja ile ya Lara Croft, The Cradle of Life, ambayo sehemu yake ilipigwa papa hapa.

Wamarekani huziita filamu za kiangazi. Desturi hiyo ilishika mizizi Juni 1975 kwa Jaws, ile ya papa anayekula waogeleaji, na tangu hapo kampuni kubwa huweka filamu zao za gharama kati ya Mei na Agosti, watoto wa kule wakiwa wamefunga shule. Mama huyu hucheka akisikia neno kiangazi. Filamu hizo hufika Nairobi wakati wa baridi kali ya Julai, na yeye huingia sinema amevaa sweta mbili, na thamosi ya chai mkobani ambayo haruhusiwi kuwa nayo.

Ni mtazamaji wa miaka mingi na ana maoni makali. Tangu akiwa chuoni hajakosa msimu. Alipoolewa, yeye na mumewe waliendelea. Walipopata watoto wakawabeba, ingawa sasa anasema mtoto wa chini ya miaka mitatu hana haki ya kuteswa na spika zile. Mumewe aliugua kwa muda mfupi na kufariki miaka miwili iliyopita. Mvulana alikuwa na miaka minne.

Tangu hapo maoni yake kuhusu filamu yamegeuka. Zile za majengo kuporomoka hazitaki tena. Anakumbuka Man of Steel ya 2013: mji mzima unabomolewa, maelfu bila shaka wamefunikwa na vifusi, kisha shujaa anapata busu. "Hakuna hata mtu mmoja aliyeliliwa," anasema. Zile za dinosau anazivumilia kwa sababu ya mvulana, lakini amechoka na watu wanaoliwa kama vile ni bisi.

Katuni ndizo anazoziheshimu. Katika Finding Nemo ya 2003, mama na mayai yake yote wasipokuwa mmoja huisha kabla mtazamaji hajafungua soda. Katika Up ya 2009, mke anazeeka na kufa katika dakika chache za mwanzo, na mzee aliyebaki anaongea na nyumba kana kwamba ni mkewe. Hoja ya mama huyu ni kwamba filamu ya watu wazima huua mia na kuendelea na safari, ila katuni husimama kwa ajili ya maiti mmoja. Simba mdogo anamsukuma babake kwa kichwa, anamvuta sikio, halafu anajilaza chini ya mkono wake. Hakuna anayemharakisha.

Lile toleo la Julai 2019, lenye simba wanaofanana na wa kweli, halimpendezi. Sauti ya Mufasa ni ile ile ya James Earl Jones, lakini uso wa simba halisi haulii, na kwa maoni yake msiba bila uso ni taarifa tu. Ya Minions anaiita kelele yenye rangi ya njano, ingawa hajawahi kumnyima mvulana. Binti yeye anashikilia Inside Out 2 ya Juni 2024, ambayo msichana wake, Riley, ana miaka 13 kama yeye. Pale Wasiwasi anapokamata usukani wote na Riley kushindwa kupumua kwenye benchi la adhabu, binti huyo alimshika mamake mkono gizani. Walipofika nyumbani alisema kwa mara ya kwanza kwamba hali hiyo humpata yeye pia shuleni, siku za mtihani.

Kwamba katuni zimejaa vifo si hisia ya mama mmoja tu. Desemba 2014 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliolinganisha katuni 45 zilizouza zaidi, kuanzia Snow White ya 1937 hadi Frozen ya 2013, na filamu 90 za watu wazima. Thuluthi mbili ya katuni zilionyesha mhusika muhimu akifa, dhidi ya nusu ya zile za watu wazima. Walioandamwa hasa ni wazazi wa mhusika mkuu: hatari yao ya kufa ilikuwa takriban mara tano ya wenzao. (Toleo la Krismasi la jarida hilo hupenda mizaha, lakini hesabu zake ni za kweli.)

Hapa ndipo mzazi hukwama. Bodi ya Kuainisha Filamu nchini, KFCB, humpa alama: GE kwa watazamaji wote, PG, 16 na 18. Alama hiyo inamsaidia kujua kuhusu matusi, damu na uchi. Haimwambii kama baba atakufa.

Na nyumbani hakukuwa na maelewano. Shangazi ya watoto, dada mkubwa wa marehemu, ndiye aliyekaa nao wiki ya mazishi, na alimwambia mvulana kwamba baba amesafiri. Alisema kwa huruma. Ndivyo wengi wetu tulivyolelewa: amesafiri, amelala, ametutoka, Mungu amemchukua. Tatizo ni kwamba mtoto wa umri huo huchukua neno kama lilivyo. Kabla ya miaka mitano hadi saba, watoto wengi huona kifo kama jambo linaloweza kugeuzwa, na aliyeambiwa baba amelala anaweza kuogopa kulala. Aliyeambiwa amesafiri hungoja. Huyu alingoja. Gari lolote likisimama nje usiku aliamka.

Washauri wa watoto waliofiwa husisitiza neno lenyewe, amekufa, likifuatwa na maelezo mafupi: mwili wake umeacha kufanya kazi, haumwi tena, hatarudi, si kosa lako. Mama alilijua hilo. Kinywa ndicho kilikataa. Kisha Desemba 2024 ikaja Mufasa, ambamo mwana simba anachukuliwa na mafuriko na kutenganishwa na wazazi wake, na mvulana akataka kuona ile ya zamani pia. Wakaitazama sebuleni. Shangazi alipopata habari alipiga simu kwa hasira: mtoto aliyefiwa anaonyeshwaje baba akifa? Swali si la kupuuzwa. Kuna watoto ambao tukio kama hilo huwaamshia jinamizi, na mzazi ndiye anayemjua wake. Ikiwa mtoto ameanza tena kukojoa kitandani, anakataa shule au anarudia ndoto mbaya kwa wiki kadhaa, ni wakati wa kumwona daktari au mshauri, awe ameona filamu au hajaona.

Mvulana hakuota vibaya. Aliuliza tu mahali penyewe ni wapi. Ndiyo sababu ya safari.

Langoni pameandikwa Elsa, na hapo kulizuka mjadala, kwani kwake Elsa ni yule wa Frozen mwenye barafu mikononi. Dadake alimweleza kuwa huyu ni simba jike aliyelelewa na Joy Adamson, naye alichezewa filamu, Born Free, mwaka wa 1966. Nyumba ya Joy, Elsamere, bado iko kando ya Ziwa Naivasha, si mbali na hapo.

Ukishapita lango, ukuta wa majabali unainuka pande zote mbili na kuna jiwe refu linalosimama peke yake, Fischer's Tower, lililopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika eneo hili mwaka wa 1883. Chini yake pimbi huja karibu na miguu ya wageni wakitaka chakula. Usiwape. Mbele yake pundamilia, swala na kongoni hulisha hatua chache kutoka barabarani. Nyati wapo pia, na hao mtu huwapisha. Simba ni nadra sana kuonekana, jambo lililomwudhi mvulana, aliyeketi nyuma ya baiskeli ya mamake, kwa kama nusu saa. Kisha ngiri wakatoka vichakani, mikia imesimama kama antena, na kosa la simba likasamehewa. Alianza kuwahesabu.

Njia ni ya vumbi, jua ni kali, na upepo hudanganya kwa sababu ni wa baridi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Maji yabebwe mengi kuliko unavyodhani, na kofia pia. Ng'ambo ya vilima mvuke mweupe hupanda kutoka visima vya Olkaria, ambako umeme wa jotoardhi umezalishwa tangu 1981. Binti alisema pale ndipo fisi wa Shenzi wanakaa.

Korongo lenyewe liko ndani zaidi, upande wa kusini, nalo halitoi onyo. Unatembea kwenye nyasi, halafu ardhi inakatika. Kuta zake zimelainishwa na maji, na sehemu nyingine ni nyembamba kiasi cha mtu mzima kugusa pande zote mbili. Maji hayo ndiyo hatari. Mvua ikinyesha mbali, juu ya vilima, huku kwenye korongo jua likiwaka, mafuriko hushuka ghafla na hapana pa kupandia. Aprili 2012 vijana 7 wa kundi la kanisa walifia humu. Septemba 2019 watu wengine 7 walisombwa, na korongo likafungwa. Mzazi asishuke kwa kuwa tu mwongozaji wa kando ya njia amesema hakuna shida. Askari wa KWS ndio wa kuulizwa siku hiyo hiyo, na mawingu yakijikusanya mahali popote, hata mbali, jibu ni hapana.

Siku hiyo kulikuwa na mawingu upande wa Mau. Mwongozaji alitikisa kichwa, wakabaki juu, wakatazama chini.

Mvulana alilala kifudifudi, mamake akimshika mshipi. Aliuliza kama nyumbu walipita hapa. Mwongozaji akasema kwenye filamu, ndiyo. Akauliza kama Mufasa bado yuko chini. Dadake akasema ile ni katuni, hakuna mtu chini. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza baba yake anarudi lini.

Mama aliketi kwenye jiwe kwanza. Akamwambia baba alikufa. Alikuwa mgonjwa sana, madaktari wakajaribu, mwili wake ukaacha kufanya kazi. Hakusafiri.

"Hata Krismasi hatakuja?"

"Hata Krismasi."

Binti ndiye aliyelia. Mvulana alitazama korongo, akaomba biskuti, na baada ya biskuti akataka kujua kama ngiri hulala wapi. Watoto wadogo ndivyo wanavyoomboleza, kidogo kidogo, wakiingia na kutoka kwenye huzuni kama dimbwi. Swali lile lile litarudi kesho, na wiki ijayo, nalo litahitaji jibu lile lile.

Walirudisha baiskeli saa kumi na moja, magoti yakiwa meupe kwa vumbi. Kwenye matatu mama na binti walibishana kuhusu filamu ya kutazama kabla shule hazijafunguliwa. Mama alitaka katuni, binti akasema yeye si mtoto. Karibu na Longonot shangazi alipiga simu kuuliza kama wamefika salama, na mvulana akanyakua simu.

"Shangazi, tumeona ngiri kumi na mmoja," alisema. "Na baba hakusafiri. Alikufa."

Upande wa pili palikuwa kimya. Kisha shangazi akauliza kama wamekula.