Redio ya Gari Inapokwaruza: Tulivyoitafuta Sauti Ufipa



Tulipohamia Sumbawanga kutoka Unguja baada ya harusi, ndugu walituzawadia vitu vya gari: kamera ya kioo cha mbele, chaja ya simu na taa za LED za ndani. Fundi akavifunga vyote siku moja. Mjini redio ilisikika vizuri. Tukitoka nje ya mji kwenye barabara ya Tunduma, ikakoroma hata neno halishikiki.

Utasema ni jambo dogo. Kwetu lilikuwa kubwa jioni ya tarehe 29 Shaabani, tukiwa safarini kurudi nyumbani. Simu hazishiki mtandao, redio inakwaruza, na tunataka kujua kama mwezi umeandama, maana nia ya funga ya faradhi huwekwa usiku. Alhamdulillah, tulipata habari kwa kuuliza msikitini njiani.

Fundi alisema tununue redio mpya, na pesa iliyokuwepo ni nauli ya kwenda kula Idi kwa wazee. Jirani akasema ni kijicho cha zawadi. Dua hatuachi, lakini tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Na hata jina Sumbawanga wenyeji hulifasiri kuwa "tupa uchawi".

Basi tukaanza kutafuta. Kwa nini mjini ni safi na nje ni kelele? Karibu na mnara, mawimbi ya FM yana nguvu na hufunika kelele ndogo. Ukienda mbali kwenye uwanda wa Ufipa, mawimbi yanapungua na kelele ya ndani ya gari inashinda.

Magari ya Japani nayo yana jambo lao. Redio zake nyingi za zamani hupokea FM 76 hadi 90 tu, ilhali stesheni zetu zinafika 108. Ndiyo maana hufungwa ekspanda kati ya antena na redio. Ikiwa dhaifu au imelegea, nayo huharibu sauti. Yetu ilikuwa imekaza.

Tulisimama mahali pakavu, mbali na nyaya za umeme, injini imezimwa, redio imewashwa. Tukachomoa kila kilichoongezwa: redio ikatulia. Tukarudisha kimoja kimoja. Taa, kimya. Chaja, kimya. Kamera, mkoromo ukarudi palepale.

Kisha tukachomoa waya wa antena nyuma ya redio, na mkoromo ukakoma. Maana yake kelele ilikuwa inaingia kwa antena. Ingebaki, tungeshuku nyaya za umeme au ethi. Na mlio mwembamba unaopanda ukikanyaga mafuta mara nyingi hutoka kwenye oltaneta.

Mkosaji alikuwa kile kiboksi kinachoshusha umeme wa gari, volti 12, kuwa volti 5 za kamera. Hufanya kazi kwa kuwasha na kuzima umeme mara maelfu kwa sekunde, na cha bei rahisi hutawanya kelele. Waya wake ulikuwa umepitishwa sambamba na waya wa antena. Tulinunua kiboksi bora, tukahamishia waya upande wa pili, tukaubana kile kifundo cheusi kama cha waya wa kompyuta, karibu na kamera. Fundi umeme akaweka fyuzi na kukaza ethi kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Redio ni ileile, na nauli ya Idi ikabaki.

Sasa tunasikiliza mpaka mbali, ingawa zipo sehemu ambazo stesheni yenyewe haifiki. Hapo hakuna waya wa kulaumu.

Biharusi, ukifungiwa vitu vya gari, omba kimoja kifungwe na redio ijaribiwe nje ya mji kabla ya kingine. Waya usipite mbele ya mfuko wa hewa ulio kwenye nguzo ya kioo. Na mkiambiwa mnunue kipya, zimeni vyote kwanza, mvirudishe kimoja kimoja, mume na mke mkisikiliza pamoja. Ni kazi ya nusu saa, na haina gharama.

Wabillahi tawfiq.