Maombolezo ya Tiro

Katika miji ya mataifa iliyotajwa na manabii, ni michache iliyosifiwa kwa uzuri na kuliliwa kwa uchungu kama Tiro. Kila ninapofundisha habari za mji huu hapa Rongo huona wanafunzi wakiukimbilia mwisho wa hadithi: mji ulitajirika, ukajivuna, ukaanguka. Hayo ni kweli, lakini siyo kweli yote. Nabii Ezekieli alianza kwa shtaka akaendelea kwa kilio, na mtu aliyesikia shtaka bila kusikia kilio amesikia nusu ya unabii.

Tiro ulikuwa mji wa Wafoinike, taifa la mabaharia walioishi katika ukanda mwembamba wa pwani ambayo leo ni ya nchi ya Lebanoni. Sehemu moja ya mji ilikuwa bara. Sehemu iliyo bora ilikuwa juu ya kisiwa, imezungukwa na kuta na maji. Mashamba yake yalikuwa machache, basi watu wake wakatafuta riziki baharini. Waliuza mbao za mierezi, vyombo vya kioo, na nguo zilizotiwa rangi ya zambarau. Rangi hiyo ilitolewa katika konokono wa baharini, na maelfu ya konokono walihitajiwa kwa vazi moja, hata ikawa rangi ya wafalme na matajiri. Wana wa Tiro walisafiri mpaka Afrika ya Kaskazini wakaujenga mji wa Karthago, na mpaka Hispania wakaleta fedha. Hata herufi tunazoandikia leo zina asili yake katika herufi za Wafoinike.

Biashara hiyo haikuwa dhambi. Katika karne ya kumi K.K. Hiramu, mfalme wa Tiro, alimpelekea Sulemani mierezi na misonobari ya kujengea hekalu, na Sulemani akampa ngano na mafuta kila mwaka. Mmoja alikuwa na miti akahitaji chakula. Mwingine alikuwa na chakula akahitaji miti. Kila mmoja alipata alichopungukiwa, na kati yao kulikuwa na amani na agano. Sijui maelezo ya biashara yaliyo bora kuliko hayo.

Zaidi ya miaka mia tatu baadaye mambo yaligeuka. Yapata mwaka 586 K.K. majeshi ya Babeli yaliuteketeza Yerusalemu. Ezekieli, aliyekuwa mateka huko Babeli, anasimulia kwamba Tiro ulipopata habari ulishangilia. Mlango wa mataifa umevunjika, ulisema, sasa bidhaa zitapita kwangu, nami nitajazwa kwa kuwa mwenzangu ameharibika. Hilo ndilo shtaka la kwanza. Mji wa Hiramu uliitazama nyumba ya jirani ikiungua, ukahesabu faida.

Shtaka la pili limo katika orodha ya bidhaa. Nabii anazitaja kama karani wa forodha: fedha, chuma, bati na risasi kutoka Tarshishi, farasi na nyumbu, pembe za ndovu, ngano, asali na mafuta, divai na sufu, manukato na dhahabu. Katikati ya orodha hiyo, pamoja na vyombo vya shaba, wametajwa wanadamu. Msomaji mwenye haraka hupita bila kuona. Lakini Amosi na Yoeli hawakupita. Amosi aliulaumu Tiro kwa kuwatoa watu wa miji mizima wawe mateka, na kulisahau agano la ndugu. Yoeli aliulaumu, pamoja na Sidoni, kwa kuwauza wana wa Yuda kwa Wayunani. Pale mwanadamu alipowekwa katika safu moja na sufuria, mizani ya mji ilikuwa imekwisha vunjika, ijapokuwa hazina yake ilikuwa imejaa.

Sasa tazama jinsi hukumu ilivyoandikwa. Ezekieli aliufananisha mji na jahazi. Mbao zilitoka Seniri. Mlingoti ulikuwa mwerezi wa Lebanoni. Makasia yalikuwa ya mialoni ya Bashani. Tanga lilikuwa la kitani ya Misri. Wavuta makasia walikuwa watu wa Sidoni na Arvadi, na wazee wa Gebali ndio waliotia kalafati. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Nabii aliutaja uundaji wote, ubao kwa ubao. Kisha upepo wa mashariki ukalivunja jahazi katikati ya bahari, na shehena na mabaharia wakazama pamoja. Mtu anayefurahia kuzama kwa chombo hakawii kuzihesabu mbao zake. Wimbo huo ni maombolezo, na mwimbaji wake ni mtu wa Yerusalemu, mji ule ule ambao Tiro uliucheka.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani: "Mwalimu, nabii alisema mji huu hautajengwa tena wala hautaonekana. Lakini katika ramani ya Lebanoni nimeuona. Mkweli ni nani, nabii au ramani?" Swali hilo ni la heshima, na mwalimu hana haki ya kulifukuza.

Nilimjibu kwanza kwa historia. Nebukadreza wa Babeli aliuzingira Tiro kwa miaka 13, na mji ukakubali enzi yake, lakini hakukibomoa kisiwa. Ezekieli mwenyewe, katika sura ya 29, anaeleza kwamba askari walipata vipara na mabega yaliyochunika, wala hawakupata ujira kutoka Tiro. Waliohifadhi kitabu hicho wangaliweza kuyafuta maneno hayo, hawakuyafuta. Mwaka 332 K.K. alikuja Alexander Mkuu wa Makedonia. Aliubomoa mji wa bara, akatupa vifusi vyake baharini kufanya njia mpaka kisiwani, na baada ya miezi saba akauteka mji. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba watu wapatao 30,000 waliuzwa utumwani. Mchanga ulijikusanya kando ya njia ile, na Tiro si kisiwa tena, bali ni rasi.

Hata hivyo watu walijenga tena. Yesu alifika katika mipaka ya Tiro, na huko akamponya binti wa mama Mfoinike. Mtume Paulo alikaa humo siku saba. Alipoondoka, wanafunzi wa mji na wake zao na watoto wao walimsindikiza, wakapiga magoti pamoja pwani. Leo Waarabu huuita mji huo Sur. Magofu yake yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1984, na wavuvi bado huanika nyavu bandarini. Mwaka 2024, wakati wa vita, mabomu yaliuangukia na watu wengi wakakimbia.

Wako wanaosema kwamba mji usiojengwa tena ni ule wa bara. Wako wengine wanaosema kwamba nabii alinena kwa lugha ya maombolezo, ambayo haipimwi kwa futi na inchi. Sikumlazimisha mwanafunzi yule ashike upande mmoja. Nilimwomba tu asiufanye unabii kuwa kalenda ya kubashiria maangamizi ya watu wengine, akasahau kuuliza shtaka lilikuwa nini.

Wala mtu asidhani kwamba Tiro ni mbali nasi. Pwani yetu ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na mji wa namna hiyo, nao ni Kilwa Kisiwani, katika nchi ya Tanzania. Ulikuwa kisiwani kama Tiro, ukatajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri, na akamsifu sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu, kwa maana maskini alipomwomba nguo alizovaa alimpa. Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida waliuteka na kuupora. Baadaye Kilwa ulipata faida tena, lakini faida ya namna gani? Mwaka 1776 sultani wake alifanya mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumwuzia watu elfu moja kila mwaka. Orodha ya Ezekieli ilikuwa imeandikwa upya katika bahari yetu wenyewe. Leo kisiwa hicho kina kijiji, magofu na nyavu za wavuvi.

Rongo si Tiro wala Kilwa. Hatuna bandari, tuna barabara ya kutoka Kisii kwenda Migori, matrekta ya miwa, ndizi, omena wa ziwani, na mahindi yanayopimwa kwa gorogoro. Lakini mashtaka ya nabii hayahitaji bahari ili yatufikie. Mwenye ghala anayeomba mvua isinyeshe ili mahindi yake yapande bei anasema maneno ya Tiro siku ile Yerusalemu ulipoungua. Anayebonyeza kitako cha gorogoro anamwibia mjane kiganja kimoja kila siku ya soko. Anayemtoa mtoto shuleni akamshushe katika shimo la dhahabu amemweka mtoto huyo katika orodha ya vyombo, mahali pa sururu na ndoo.

Vijana mnaosoma kurasa hizi, wengi wenu mtakuwa wafanya biashara, na hiyo ni kazi njema. Nunueni na mwuze kama Hiramu na Sulemani, kila mmoja aondoke na alichopungukiwa. Na siku mtakaposikia kwamba duka la mshindani wenu limeungua, chunguzeni mioyo yenu kabla ya kunena. Huenda mkaona humo furaha ndogo, imejificha, inahesabu wateja watakaohamia kwenu. Ikatazeni mapema. Kisha mwendeeni jirani huyo, mkamsaidie kuzoa majivu.